Fahali Tuliyemwita Goti

Msichana wa duka la dawa alinifungulia kifuniko ninuse mwenyewe kama ndiyo niliyoitaka, na kabla hajamaliza kuuliza nilikuwa nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ilikuwa dawa ya kuchua tu, ya maumivu ya magoti, yenye harufu kali ya majani na kitu kama mafuta ya taa. Machozi yalinitoka. Msichana akadhani imeniingia machoni, akaniomba radhi. Sikumweleza. Kwa wengine harufu hiyo ni ya uzee, lakini kwangu ni ya kaka yangu Shimoli na ya ng'ombe, zikiwa zimechanganyika, na ndani yake mna hasira niliyodhani imekwisha kufa zamani. Haikufa. Nikiwa njiani kurudi nyumbani niligundua kwamba nimefurahi kuikuta nzima.

Ninyi wa rika langu mtakumbuka miaka ile. Bendera ilikuwa mpya hata kitambaa chake kilikuwa bado kigumu. Wazungu walikuwa wanafunga mizigo kwenye mashamba ya Lugari, na mara kwa mara tungeona jirani akipakia kuku na vitanda kwenye lori aende Chekalini kugawiwa shamba la mahindi. Sisi hatukwenda. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, na mama alisema hawezi kumwacha peke yake kaburini. Tukabaki kwenye kipande chetu karibu na Khayega, mama, mimi na Shimoli. Yeye alikuwa kifungua mimba na mimi kitinda mimba, na kati yetu kulikuwa na makaburi madogo ambayo mama hakupenda tuyataje.

Shimoli alikuwa na mbio. Katika shule ya bweni aliyosoma, mwalimu mmoja Mzungu alimwona akimfukuza mbuzi aliyevamia mboga, akamwita, akamkabidhi mpira ambao haukuwa wa duara. Wao waliuita mpira wa raga, kijijini tuliuita mpira wa yai. Likizo alitufundisha uani jinsi unavyochezwa: unaukumbatia, unakimbia, watu wazima wanakurukia ili wakuangushe, na ukianguka huruhusiwi kulia. Mama aliacha kupepeta mahindi akamtazama. "Na hiyo ndiyo wanawafundishanga huko?" akauliza. Shimoli akacheka, akaniweka kwapani kama mpira, akakimbia nami kuzunguka nyumba mpaka mama akasahau kukasirika.

Alipomaliza shule alipata kazi Nairobi, na huko akazidi kuucheza. Jioni moja mwanamke jirani alikuja mbio kutoka dukani, ambako ndiko kulikokuwa na redio ya pekee, akisema, "Mama Shimoli! Wamesoma jina lake! Kijana wako sasa anachezea nchi!" Mama akapiga vigelegele. Mimi nikaenda nyuma ya jiko kulia. Nilijua maana ya kuchezea. Usichezee moto. Usichezee unga, kuna watu hawana. Nchi yenyewe tulikuwa tumeipata juzi tu, mwalimu wetu alituambia watu walikufa kwa ajili yake, na sasa kaka yangu alikuwa anaichezea na hata redio imejua. Nilingoja polisi waje. Badala yao alikuja Shimoli mwenyewe kwa likizo, na jezi ya taifa ndani ya sanduku, akanivika. Ilinifika vifundoni. Ilikuwa na harufu ya ile dawa ya kuchua, na aliponieleza kwamba kuchezea nchi ni kuipigania, nilikataa kuivua hadi usiku.

Alicheza Kampala. Alicheza Nairobi dhidi ya wageni kutoka ng'ambo, wanaume wekundu wenye shingo kama magogo. Alitusimulia jinsi alivyopata mpira ukingoni mwa uwanja, akampita wa kwanza, akampita wa pili, akaugusisha chini nyuma ya mstari, na hilo ndilo bao lao, kisha akainuka akasikia kimya. Jukwaani walikuwa Wazungu watupu na hawakujua kama inafaa kumpigia Mwafrika makofi. Ndipo mpishi mmoja aliyesimama nyuma na kikapu cha vyombo akapaza sauti: "Huyo ni wetu!" Na wengine wote wakapata ruhusa. Shimoli alipenda kumwigiza mpishi yule. Kila alipofika hapo, mama alisema, "Mungu ambariki huyo baba," kana kwamba analisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza.

Sasa nifike kwa mtu ambaye jina lake silitaji. Alilitaka sana jina, basi hapa halipati. Nitamwita Rafiki, kwa sababu ndivyo kaka alivyomleta nyumbani: "Mama, huyu ni rafiki yangu." Alitoka upande wa Idakho, jirani zetu, sisi tukiwa Isukha, walisoma pamoja, wakalala chumba kimoja Nairobi, na yeye pia alikuwa na mbio, ila si kama za Shimoli. Alikuwa mtu wa tabasamu. Alimchotea mama maji bila kuombwa. Mama akachinja kuku, akasonga obusuma, ugali wetu, mkubwa, na imondo, yaani firigisi, ambayo kwetu ni haki ya mwenye nyumba na hapewi mtu ovyo, akaiweka kwenye sahani ya Shimoli, maana baba hakuwepo. Shimoli akaichukua akaiweka kwenye sahani ya Rafiki.  Nakumbuka midomo ya mtu yule ikimetameta kwa mafuta, na jinsi alivyoitafuna polepole akitutazama sote.

Mwaka uliofuata timu ilikuwa inajiandaa kwa safari ndefu ya ng'ambo, kwa ndege. Upande wa ukingoni, anakochezea mwenye mbio, nafasi ilikuwa moja na watu walikuwa wawili. Wakapangwa kucheza mechi ya majaribio, Shimoli upande huu, Rafiki upande ule, ili wakubwa wachague. Mama alianza kumfumia Shimoli soksi nene za baridi. Zilikuwa bado hazijakamilika aliporudi nyumbani akishushwa kwenye basi na watu wawili, mguu umefungwa plasta kutoka paja hadi kwenye kisigino.

Hakusema lolote kwa siku nyingi. Tulidhani ni ajali, kwani mchezo wenyewe ulikuwa wa kuangushana. Mpaka alasiri moja, tukiwa tunapukuchua mahindi, mama akasema angalau Mungu amemweka hai, ajali ni ajali. Shimoli akaweka gunzi chini.

"Haikuwa ajali, mama."

Mama akaacha kupukuchua.

"Nilikuwa chini. Mpira ulikuwa umeshatoka, umeenda mbali, refa anaufuata. Watu waliinuka, mimi nikabaki nimelala nikivuta pumzi. Nikamwona anakuja. Nikadhani anakuja kuniinua, nikanyoosha mkono. Akaniambia, 'Pole, ndugu.' Halafu akapanda juu ya goti na kiatu chake cha meno, akauzungusha mguu wake namna hii." Akaonyesha kwa gunzi juu ya udongo, kama mtu anayezima sigara. "Pole ilitangulia, mama. Alinipa pole kwanza."

Mama hakulia. Alichukua ungo akaingia ndani, na tukasikia akilipanga upya rundo la kuni ambalo lilikuwa limepangwa vizuri tayari. Mimi neno lile liliniingia vibaya. Kwa muda mrefu baadaye, mtu akiniambia pole, hata mwalimu, nilivuta miguu yangu chini ya dawati.

Rafiki alisafiri kwa ndege. Gazeti lilitoa picha yake, na mwenye duka, ambaye hakujua kitu, alitukatia akatuletea. Amevaa koti jeusi la timu ya taifa, lenye nembo kifuani na vifungo vya kung'aa. Aliporudi, serikali mpya ilikuwa inatafuta vijana waliosoma na wanaojulikana, akapewa kazi ya uofisa, na ofisi yenyewe ikawa Khayega, kando ya barabara niliyopita kwenda shule. Kila siku alikuja kazini na lile koti, jua liwake lisiwake. Watu walilisalimia koti kwanza, kisha yeye.

Daktari alikuwa ameshatoa plasta na kumwambia Shimoli kwamba atatembea, ila kukimbia asahau. Alitembea kama mtu anayepita juu ya mawe ya mto. Asubuhi na jioni alikaa mlangoni akichua goti kwa ile dawa, na hakuna aliyethubutu kuzungumzia mpira mbele yake. Jezi aliikunja akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Na mtu yule alikuja kututembelea! Hilo ndilo mpaka leo linanichemsha damu. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, na koti lake, amebeba mkate mweupe na sukari, akabisha hodi kwa tabasamu lilelile.

"Nimekuja kumpa ndugu yangu pole," akasema.

Nilivuta miguu yangu. Shimoli alikuwa ameketi na mguu juu ya kigoda. Akamtazama mgeni kwa utulivu, akaniambia, "Mukhana, lete kiti." Mukhana ni msichana kwa lugha yetu, ndivyo alivyoniita siku zote. Nikaleta kiti. Rafiki akakaa, akaanza kusimulia ng'ambo, baridi yake, viwanja vyake, majani yake ya kijani kama zulia. Shimoli alisikiliza yote. Mama akatoka jikoni akasimama mbele ya mgeni, mikono imefunikwa majivu.

"Ile imondo nilikupatia wakati ule," mama akasema, "ulikula ama hukukula?"

"Nilikula, mama. Ilikuwa tamu sana."

"Basi irudishe."

Rafiki akacheka, akidhani ni mzaha. Akaona hakuna mwingine anayecheka. "Mama, nitarudisha aje kitu nimeshakula?"

"Na hiyo goti ya mtoto wangu, utarudisha aje?"

Akamgeukia Shimoli. "Umewaambia nini? Ndugu, mchezo ni mchezo. Hakuna mtu aliona kitu kibaya pale."

"Ndiyo," Shimoli akasema. "Hakuna mtu aliona."

Alisema hayo tu. Rafiki akasimama, akajipangusa koti ingawa halikuwa na vumbi, akaenda. Mkate na sukari mama aliagiza wapewe nguruwe wa jirani. Mimi nilikuwa sijala mkate mweupe tangu Krismasi, na nataka ijulikane kwamba nilibeba ule mkate mwenyewe, nikaumwaga mwenyewe, na sikulamba hata kidole.

Ndugu ya mama, Mjomba Lihanda, alikuwa mfugaji wa mafahali wa kupigana. Msomaji ambaye si wa kwetu ajue kwamba Isukha na Idakho tunapiganisha mafahali tangu babu zetu, siku za sikukuu na kwenye matanga ya wazee wakubwa, na mwenye fahali mshindi hutembea kifua mbele mwaka mzima. Mjomba alipoona mpwa wake anaozea mlangoni, alimletea ndama dume mweusi, mfupi, mwenye kifua kipana. "Chunga huyu," akamwambia. "Mtu hawezi kukaa tu akijipaka dawa."

"Utamwita nani?" mjomba akauliza.

"Goti."

"Goti? Fahali anaitwanga Simba, anaitwanga Kifaru. Nani ameshawahi kuogopa goti?"

"Kuna mtu ataliogopa," Shimoli akasema. Na akakataa kumpa jina la Kiluhya. Alitaka kila mtu aelewe, hata mgeni, hata askari aliyeletwa kutoka pwani.

Nilimtazama ndama, nikamtazama kaka, nikajua. Au nilidhani nimejua. Fahali huyu analelewa ili amuue Rafiki. Lilikuwa jambo wazi, na nilishangaa watu wazima wanavyolificha kwa kuzungumza habari za majani na chumvi. Nikaamua kusaidia. Kila jioni nilipompa Goti chumvi ya kulamba kiganjani, nilimshika sikio nikamnong'oneza jina la mtu yule, lote kamili, la ubatizo na la ukoo, ili asije akakosea akaua mwingine. Siku nyingine nilimwongezea maelezo: ana koti jeusi, ana tabasamu.

Shimoli alimlea kwa namna ambayo wafugaji wengine walikuja kuitazama. Alikwenda kabla ya jua kukata majani laini ukingoni mwa msitu, akichechemea na mzigo kichwani. Alimwogesha mtoni Isiukhu. Baadaye ndama alipokuwa fahali kamili, Shimoli aliinama mbele yake, akaweka bega lake kwenye paji la uso wa mnyama, chini kabisa, wakasukumana. Goti akiinua kichwa, Shimoli alimpiga kofi puani. "Chini! Anayeingia chini ndiye anayesukuma." Ilikuwa elimu ya kusukumana mabega uwanjani, ya wale wanaume wenye shingo kama magogo, aliyoitazama kutoka ukingoni miaka yote ile. Wakimaliza, alichukua ile dawa, akajichua goti, kisha akamchua fahali shingo na mabega kwa chupa ileile. Jioni uani kwetu hukuweza kujua kwa pua ni yupi mtu na ni yupi mnyama. Na nilianza kumwona kaka akinenepa tena usoni. Chuki ilimlisha. Watu husema chuki hula mwenye nayo, lakini mimi niliiona ikimwinua yule mtu kitandani kila alfajiri.

Baba yake Rafiki alikuwa na fahali aliyeitwa Radi, mkubwa, mwekundu, ambaye hakuna aliyekumbuka lini alishindwa. Baba huyo alikuwa mzee mrefu, mkimya, ambaye hata upande wetu walimheshimu. Shimoli alipomtuma mjomba apeleke ujumbe kwamba Goti anamtaka Radi siku ya sikukuu ya taifa, mama aliweka kibuyu chini.

"Ukishindwa, huyo mtoto atakukanyaga mara ya pili. Na hii ya pili watu wote watakuwa wanaona."

"Ndiyo maana nataka watu wote waone," Shimoli akajibu.

"Goti ni mdogo kwa Radi."

"Hata mimi nilikuwa mdogo kwa wale Wazungu."

Mama akashika kibuyu chake tena. Baadaye nilimkuta nyuma ya nyumba akiongea na Goti kwa sauti ya chini, na sikutaka kujua anamwambia nini, maana nilikuwa na mambo yangu naye.

Asubuhi ya sikukuu ukungu ulikuwa bado juu ya majani tulipotoka. Vijana wa Isukha walitangulia wakipiga isukuti, ngoma zile ambazo huzisikii kwa masikio bali kwa tumbo, wakiimba jina la fahali. "Goti! Goti! Goti linakuja!" Wengine walicheka, ni wimbo gani huo, lakini mdundo uliwakolea wakaimba. Uwanjani Khayega watu walikuwa wamejaa hadi juu ya miti. Upande wa Idakho alisimama yule mzee mrefu na fimbo yake, na ubavuni mwake mwanawe, Rafiki, amevaa koti la taifa siku ya taifa. Nilimwona anasikia wimbo. Nilimwona anaelewa. Tabasamu lilibaki usoni lakini kila kitu nyuma yake kiliondoka.

Mafahali waliachiwa. Radi alikuja kwa mbio akitikisa ardhi, na walipogongana sauti ilikuwa kama mti unaokatika. Goti alirudishwa nyuma. Alirudishwa tena, kwato zikichimba mitaro, na upande wa Idakho ukalipuka kwa kelele. Mama alikuwa amefunika uso kwa kanga. Shimoli hakupiga kelele. Alichechemea kando ya fahali wake, karibu kuliko ilivyo salama, akisema neno moja tu, kwa sauti ileile ya uani: "Chini. Chini. Chini." Na Goti akashuka. Pua yake iligusa nyasi. Pembe zake zikaingia chini ya shingo ya Radi, akatulia hapo, akimwacha yule mkubwa ajichoshe kwa kusukuma hewa. Ngoma zikasimama. Nilisikia mafahali wakipumua. Kisha Goti akaanza kusonga mbele polepole, kama mtu anayefungua mlango mzito, na Radi akainuliwa kifua, akageuza ubavu, akakimbia. Watu wakamfungulia njia wakianguka ovyo, naye akapotea kwenye mahindi.

Mimi sikumtazama Radi. Nilimtazama Goti, nikingoja sasa amgeukie Rafiki. Lakini alisimama tu, damu kidogo ikitiririka shingoni, akaanza kula majani.

Kelele zilikuwa nyingi. Wanaume walimbeba Shimoli juu, akawaomba wamshushe. Ndipo Rafiki akaja, kwa sababu watu walikuwa wanatazama na yeye alikuwa ofisa, akanyoosha mkono.

"Hongera, ndugu."

Shimoli hakuutazama mkono. "Vua koti," akasema.

Waliokuwa karibu wakanyamaza, na kimya kikaenda kikienea nyuma.

"Shimoli, usilete mambo. Hili ni koti la taifa."

"Najua. Ni langu. Vua."

Vijana wa Idakho wakasogea. Vijana wetu nao wakasogea. Fimbo zilikuwa mikononi, na kila mtu mzima pale alijua vita vya namna ile vinavyoanza. Mjomba Lihanda akamshika Shimoli bega, Shimoli akalitoa lile bega taratibu. Mzee mrefu akapita katikati ya watu akaja mpaka wakatazamana wote watatu.

"Fahali wako ameshinda fahali wangu," mzee akamwambia Shimoli. "Hiyo nimekubali. Lakini kwa nini unamwambia mtoto wangu avue nguo mbele ya watu?"

"Mzee, muulize mwenyewe. Muulize aliniambia nini kabla hajanikanyaga goti nikiwa chini, mpira haupo."

Mzee akamgeukia mwanawe. Hakupandisha sauti. "Ulimwambia nini?"

Rafiki alifungua mdomo. Siku zote alikuwa mtu wa maneno. Alitazama watu, akatazama njia ya kutokea, akatazama vifungo vyake vya kung'aa. Angeweza kusema uongo, na sisi tungekuwa na neno letu tu dhidi ya lake. Lakini baba yake alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa ng'ombe anayeuzwa, na uongo haukutoka.

"Nilimwambia pole," akasema.

"Kabla?"

Rafiki akashika kifungo cha koti.

"Nimekuuliza. Kabla?"

"Kabla."

 Mzee aliuma mdomo wa chini, naye alionekana amezeeka kuliko asubuhi. Kisha akasema neno moja, na alilisema yeye, si kaka yangu: "Vua."

Akavua. Chini yake shati lilikuwa limechanika kwapani. Shimoli akalipokea koti, akalikunja vizuri kama mtu anayejua thamani ya kitu, akamwendea Goti. Akamfuta damu shingoni. Akamfuta jasho mabegani, akamfuta povu mdomoni na matope miguuni, bila haraka, upande huu na upande ule, akageuza koti ili kupata sehemu safi, akaendelea mpaka sehemu safi zikaisha. Hakuna aliyesogea. Alipomaliza alirudi akamkabidhi mwenyewe.

"Sasa vaa."

Hakuvaa. Alilishika mbali na mwili wake, akaondoka nalo katikati ya watu waliompisha pande zote mbili, Isukha na Idakho. Mtoto mmoja akaanza, "Goti! Goti!" Kisha watoto wote. Sauti kubwa kuliko zote ilikuwa yangu, na watu huniuliza, nikiwasimulia leo, kama sikumwonea huruma hata chembe. Sikumwonea. Nimejaribu tena jana kwa ajili ya kuandika haya, nimeshindwa.

Tulirudi nyumbani mchana, Shimoli akinibeba begani ingawa nilikuwa mkubwa na mguu wake ulikuwa mbaya. Ngoma zilikuwa mbele yetu. Niliinama nikamnong'oneza.

"Kaka, Goti atamuua lini?"

"Atamuua nani?"

Nikamtajia jina lote kamili. Akasimama barabarani. Nikamweleza kazi niliyoifanya, chumvi na sikio na koti jeusi, na nikamwambia nadhani Goti amesahau, tumkumbushe. Alicheka mpaka ikabidi aniweke chini. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu plasta. Alipofuta macho, hakuwa anacheka tena.

"Mukhana, nani alikuambia nataka afe? Mtu akifa wanamwimbia, wanamsamehe, wanamchinjia ng'ombe. Mimi nataka aishi. Aishi hapa hapa."

Niliona ni adhabu ndogo sana. Nilikasirika naye njia nzima.

Shimoli hakurudi Nairobi wala hakushika tena mpira wa yai. Alijifunza useremala, akaenda kuwafundisha vijana huko Sigalagala, akaoa, na Goti akashinda mara nyingi kabla ya kuzeeka. Rafiki aliomba uhamisho, lakini ulichelewa sana kutoka. Muda wote huo alikuja ofisini kwake Khayega na shati tupu, hata katika ile baridi ya Julai inayotoka msituni na kuingia kwenye mifupa. Wauza ndizi walimsalimia kwa heshima zote. Wazee walimsalimia. Hakuna aliyemtukana. Mimi nilipita mapema kuliko wote, vitabu kichwani, nikasimama mbele ya dirisha lake kama mtoto aliyefunzwa adabu, nikangoja ainue macho.

"Mulembe, Ofisa," nilimsalimia kwa amani ya kwetu. "Leo husikii baridi?"